Masoko ya bidhaa si matangazo: kwa mnaoanza kazi Lubumbashi

Wadogo zangu wengi wanaomaliza masomo hapa Lubumbashi wanadhani kazi ya masoko ya bidhaa (marketing) ni kupiga picha nzuri na kuziweka Facebook. Hapana. Tangazo huja mwishoni kabisa. Kazi yenyewe huanza kabla bidhaa haijatoka: ni ya nani, inamwondolea shida gani, na kwa nini aache ile aliyoizoea achukue hii. Mafundi wanaitengeneza, wauzaji wanaipeleka mtaani, nawe unakaa kati yao ukiwa umemfahamu mteja kuliko wote.

Tazameni M-Pesa. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwarahisishia watu kulipa mikopo midogo. Watu wenyewe wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Safaricom ilipoizindua mwaka 2007 iliwaambia Wakenya watume pesa nyumbani, basi. Kuna mtu aliyetazama watu wanafanya nini hasa, akaamini alichokiona.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia kozi yoyote, nenda soko la Kenya (namaanisha Kenya yetu ya hapa mjini), umwombe mwenye kabine (kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu) ruhusa ukae pembeni mchana mzima. Atakuja mama anayeuza unga, mwanawe aliye Kolwezi amemtumia dola, naye anataka franka akanunue mzigo. Msikilize. Kwanza atauliza kiwango cha leo cha kubadilisha dola. Kisha atauliza atakatwa ngapi, na kama kabine ina pesa taslimu za kutosha. Sasa soma karatasi iliyobandikwa ukutani: "huduma ya kisasa, salama na ya haraka". Hakuna hata swali moja la mama lililojibiwa pale! Ukiweza kuandika sentensi mbili zinazomjibu, kwa maneno anayoyatumia yeye, umeshaanza kazi. Mnukuu kwa Kiswahili chake hivyohivyo, hata kama ripoti itapelekwa kwa mkubwa kwa Kifaransa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1931 Neil McElroy, kijana aliyeshughulikia sabuni ya Camay pale Procter & Gamble, aliwaandikia wakubwa wake akiomba kila sabuni iwe na watu wake wa kuifuatilia eneo kwa eneo, wajue inauzika wapi, inakwama wapi na kwa sababu gani. Baadaye akawa rais wa kampuni hiyo.

Kuhusu ajira, niseme wazi: mji huu unaishi kwa migodi, na migodi haihitaji sana watu wa kazi hii. Tafuteni kwenye kampuni za simu, mabenki, viwanda vya vinywaji na vya unga. Cheo mara nyingi huitwa "chef de produit", yaani msimamizi wa bidhaa, na ni nadra kupewa mtu mpya. Wengi huingia kupitia mauzo ya mtaani au usimamizi wa mawakala, na mimi naona huo ndio mlango bora, kwa sababu unalipwa huku ukimsikiliza mteja kila siku. Jifunzeni pia Excel vizuri, maana bei na faida utaulizwa wewe.

Siku ya usaili, pamoja na diploma, chukua ukurasa mmoja kuhusu bidhaa ya kampuni hiyohiyo: nani anainunua, nani ameiacha, walisema nini, na wewe ungebadilisha kitu gani kwanza.