Makro ya Excel inapaka rangi mstari usiohusika

Mkuu, makro yako (programu fupi inayoifanyia Excel kazi yenyewe) ya kupaka nyekundu mistari ya wenye deni la zaidi ya siku 30 iko poa, shida ni ile fomula =$D2>30 (kolamu D ndiyo yenye siku za deni), Excel inaihesabu kuanzia seli uliyokuwa umeibofya, sasa kama ulikuwa A5 basi rangi inashuka mistari mitatu na kumwangukia mtu asiyedaiwa kabisa, hatari hiyo kwa kazi ya madeni! Kabla ya FormatConditions.Add, amri inayoongeza sharti la rangi, weka Range("A2").Select, na juu yake weka FormatConditions.Delete, ya kufuta masharti ya zamani, maana usipofuta kila ukiiendesha masharti yanajipanga upya juu ya yale ya zamani mpaka faili linakuwa zito. Mistari yote ikiwa nyekundu, cheki kolamu D, namba zilizoingia kama maandishi Excel huziona kubwa kuliko 30 siku zote.