Samaki wa maji chumvi akijeruhiwa: ya kujua kabla ya kumtia karantini

Kangaja, samaki wa kufugwa tangini, aliyechunika ubavu lakini bado anakula na hafukuzwi na wenzake, mwache alipo. Kumkimbiza kuzunguka mawe kutamchuna zaidi. Wa kuhamishwa ni yule anayeshambuliwa, aliyeacha kula, au ambaye jeraha limefika kwenye nyama na kingo zake zinaiva wekundu.

Usimtoe kwa wavu. Kangaja ana miiba mikali kwenye shina la mkia, mmoja kila upande. Hunasa kwenye nyuzi, na ukimnasua unamuumiza upya, na vidole vyako havisalimiki. Mwongoze aingie kwenye chombo cha plastiki angavu, umtoe pamoja na maji.

Tangi la karantini, yaani la kumtenga mgonjwa, halitaki mchanga wala mawe. Weka vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, hita ya kushika nyuzi 25 au 26, pampu ya hewa na filta ya sponji. Kazi yote iko kwenye sponji: iwe imekaa tangi kuu wiki tatu au nne, bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, waote humo. Ukitia sponji mpya, baada ya siku chache samaki anahema mbiombio na utadhani jeraha limemzidi, kumbe ni amonia. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi) ya 8.1 hadi 8.3, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Pima amonia kila siku. Kipimo kikisoma 0.25 mg kwa lita, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo, kwa maji ya chumvi na joto lilelile, yaliyochanganywa na kupigwa hewa tangu jana yake.

Chumvi nayo ina neno. Damu ya samaki ina chumvi kama theluthi tu ya ile ya bahari, kwa hiyo mwili wake hupoteza maji muda wote, na palipong'oka gamba na ute hupoteza zaidi. Kushusha chumvi kutoka 35 hadi 28 kwa elfu, taratibu kwa siku mbili, humpunguzia mzigo. Kupandisha ndiko kunakoumiza: usizidishe 2 kwa siku.

Jeraha safi lisilo na wekundu hupona kwa maji safi peke yake. Dawa ya shaba ni ya vimelea, haitibu kidonda, kwa hiyo usiimwage eti kwa kinga. Kwa jeraha lenye wekundu, antibiotiki ya tetrasaiklini ni rahisi kupatikana, ila kalsiamu na magneziamu ya maji ya bahari huishika ikabaki na nguvu kidogo. Kanamaisini au naitrofurazoni ina nafuu, ingawa nchi nyingi zinadai cheti cha daktari wa mifugo. Fuata dozi ya pakiti, lakini kwa lita halisi: tangi la sentimita 80 kwa 35, maji yakiwa na kina cha 32, ni lita 89.6, hata kama dukani liliitwa la lita 100. Toa kaboni (makaa ya kuchujia) kwenye filta na uzime taa ya UV ya kuua vijidudu, la sivyo dawa inaishia huko. Ongeza hewa. Maliza siku zote za dawa hata kidonda kikipendeza.

Utando kama pamba juu ya kidonda, kwa samaki wa bahari, mara nyingi ni bakteria. Fangasi ni nadra. Na kromis, samaki mdogo wa matumbawe, mwenye baka jekundu chini ya magamba bila kugombana na yeyote huenda ana uronema, kimelea kisichojali antibiotiki wala chumvi kushushwa.

Mlishe mwani mkavu usiotiwa viungo na kamba wadogo, kidogo mara tatu kwa siku, na nyonya masalio kwa mpira kabla hayajaoza. Ngozi mpya huja ya kijivu. Magamba na rangi hufuata baadaye sana, usingoje hizo ndipo umrudishe.

Akirudi tangi kuu, hamisha mawe kadhaa kwanza ili yule mgomvi apoteze mipaka yake, kisha mweke mgonjwa ndani ya kisanduku chenye matundu kwa siku tatu nne, taa zikiwa hafifu. Mgomvi akiendelea kugonga kisanduku siku ya nne, anayestahili kuhamishwa ni yeye.