Kura zikifungana bungeni, Spika aelekee wapi?

Swali: Ninafundisha somo la uraia. Wanafunzi wananibana: ikiwa Spika ametoka chama tawala, na kura zikalingana kuhusu muswada wa serikali, si ataupitisha tu? Nimekosa jibu la kuwaridhisha.

Jibu: Mwalimu, anza na katiba ya nchi husika, kwa sababu si kila Spika ana kura hiyo. Tanzania, anayeongoza kikao hana kura ya kawaida, ila hupata kura ya uamuzi pakitokea usawa. Kenya imeliondoa jambo lenyewe: ibara ya 122 ya Katiba ya 2010 inamnyima Spika kura, na kura zikilingana hoja imeanguka. Marekani, Spika wa Baraza la Wawakilishi anaweza kupiga kura kama mjumbe mwingine yeyote. Kwenye Seneti ndiko Makamu wa Rais husubiri usawa ndipo apige yake.

Kwa maspika wenye kura ya uamuzi, mwongozo unaofuatwa katika mabunge mengi yaliyorithi desturi za Uingereza unatokana na John Evelyn Denison, aliyekuwa Spika huko mwaka 1867. Msimamo wake ni kwamba jambo jipya lipitishwe na wengi ndani ya ukumbi, wala si na mtu mmoja kitini. Kwa hiyo muswada ukifungana wakati wa kusomwa mara ya pili, Spika huupigia ndiyo, ili mjadala uendelee na wabunge wapate nafasi nyingine ya kuamua. Marekebisho yakifungana, huyakataa, muswada ukabaki ulivyo. Ukifungana kwenye hatua ya mwisho, huukataa, kwa kuwa sheria iliyopo haijapata wengi wa kuibadilisha.

Hapo ndipo wanafunzi wako wanaposhangaa: Spika yuleyule anaweza kuuunga mkono muswada asubuhi na kuukataa baadaye, bila kubadili mawazo hata kidogo. Hapigii kura maoni yake. Aprili 2019, kura zilipofungana 310 kwa 310 katika mivutano ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, Spika John Bercow aliyakataa marekebisho kwa kutumia msingi huohuo.

Sasa, nini kinamzuia asikipendelee chama chake? Kwa kiasi kikubwa ni desturi, na nadhani wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi. Uingereza, anayechaguliwa Spika hujitoa kwenye chama chake. Nchi nyingi hazidai hilo. Kabla ya Denison Spika hakufungwa na mwongozo huo: mwaka 1805, kura zilipofungana 216 kwa 216 juu ya hoja ya kumlaumu waziri Lord Melville kuhusu fedha za jeshi la majini, Spika Charles Abbot aliunga mkono hoja hiyo, na serikali ya Waziri Mkuu Pitt ikashindwa.

Kinachosaidia sana ni ile desturi ya Spika kutaja sababu za kura yake, zikaandikwa kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge. Akishataja, kila atakayekalia kiti baada yake atapimwa kwa maneno hayo.

Darasani, waundie bunge dogo lenye idadi shufwa, kura zake zifungane katika hatua zile tatu, na kila mara mtake Spika wao aeleze sababu kabla ya kutamka kura yake.