Vidonge vya "kurudisha mawasiliano ya seli"

SWALI: Shikamoo daktari. Shangazi yangu amekutwa na saratani ya titi na amepangiwa kuanza kemo. Muuza dawa lishe mmoja amemwambia saratani huja seli zinapoacha kuwasiliana kwa kupungukiwa koneksini, yaani protini zinazotengeneza matundu ya kupitishia vitu kati ya seli na seli. Amempima kwa mashine, na sasa anataka shangazi atumie vidonge vya beta-karotini (ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A) miezi mitatu kwanza. Mimi nasoma maabara mwaka wa pili. Nimesoma habari za koneksini 43, mojawapo ya protini hizo, na naona kama anachosema kina ukweli. Je, kinao? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kemo isisubiri vidonge hivyo hata wiki moja. Wagonjwa waliopitia njia hii nawapokea kila mara, na wapo wanaofika kwangu baada ya kumaliza makopo, uvimbe ukiwa umeshaingia kwapani.

Ukweli upo, ndiyo maana uongo uliojengwa juu yake unanunuliwa. Mwaka 1966 Loewenstein na Kanno walionyesha kwamba seli za saratani ya ini la panya hazikuwa zikipitishiana ioni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) kama zifanyavyo seli za ini lisilo na saratani. Miaka mingi baadaye, panya walioondolewa jeni ya koneksini 32, aina nyingine ya koneksini, walionekana kupata uvimbe wa ini kwa urahisi zaidi.

Koneksini sita hushikana na kukutana na sita za seli jirani, likapatikana tundu la kupitishia vitu; hilo unalijua. Ila lipo jambo ambalo masomo ya mwaka wa pili hulipita mbio: koneksini 43 haizuii ukuaji kwa kupitisha vitu tu. Mkia wake, ule unaoning'inia ndani ya seli, una kazi yake hata kama tundu halipo. Seli za maabara zikitengenezewa mkia huo peke yake, hukua polepole. Na seli zilizoongezewa koneksini 43 hupungukiwa na Skp2, protini inayopeleka p27, breki ya ugawanyikaji wa seli, ikavunjwe. p27 ikibaki kwa wingi, seli haivuki kwenda kunakili DNA yake, na isiponakili haigawanyiki.

Sasa linalonikera ni ile hesabu ya "imepungua, basi iongeze". Nani kasema imepungua? Katika uvimbe mwingi wa titi koneksini 43 ipo, ila imekwama ndani ya seli, haifiki kwenye utando wa nje wa seli. Pengine imefika, lakini kimeng'enya kiitwacho Src kimeibandika fosfeti na tundu limefungwa. Tena protini hii huishi saa chache tu. Seli huivunja na kutengeneza nyingine, na kosa lile lile likajirudia kwenye hiyo mpya. Kosa liko kwenye jeni na kwenye amri zinazoendesha seli. Kuna hata wanaouza "koneksini ya kunywa"! Ingekuwepo kweli, tumbo lingeisaga kama linavyosaga maharage.

Halafu hatuna hakika kwamba kuyafungua matundu hayo ni jambo la heri kwa mgonjwa wa titi. Mwaka 2016 watafiti walieleza jinsi seli za saratani ya titi na ya mapafu zilizofika kwenye ubongo zinavyojiunga na seli za huko, ziitwazo astrosaiti, kwa koneksini 43 hiyo hiyo. Hupenyeza humo molekuli ndogo, na astrosaiti hujibu kwa kumwaga kemikali zinazousaidia uvimbe kukua na kuhimili kemo. Protini iliyozuia ukuaji mwanzoni ikawa msaada kwa saratani iliyosambaa. Muuzaji wako hawezi kukuambia shangazi yuko upande upi.

Na beta-karotini? Mwaka 1991 Bertram na wenzake, huko Hawaii, walionyesha kwamba karotenoidi, kundi la rangi za mimea ambamo beta-karotini imo, huongeza mawasiliano ya seli za panya kwenye sahani za maabara. Muuzaji ameishia hapo. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya Finland: wanaume wavutaji sigara 29,133, na waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Huko Marekani, jaribio la CARET liliwapa wavutaji na waliofanya kazi na asbesto beta-karotini pamoja na vitamini A. Likasimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, saratani ya mapafu ikiwa imezidi kwa asilimia 28. Shangazi ale karoti zake na mchicha wake kama kawaida. Vidonge alivyokwisha kununua aende navyo kliniki, kopo na karatasi yake, daktari wake avione kabla ya dripu ya kwanza.

Ile mashine nayo nisiiache, maana inazunguka kwenye stendi, makanisani na misikitini, na haimpimi shangazi peke yake. Unashika chuma, baada ya dakika chache inatoka karatasi yenye hali ya ini, figo, "mawasiliano ya seli" na jina la dawa ya kununua. Kupima mawasiliano ya seli kweli kunataka seli hai chini ya hadubini: unadunga rangi inayong'aa ndani ya seli moja, kisha unaangalia kama inaenea kwa jirani zake. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachofanya hivyo, wala kinachoona uvimbe. Muuzaji akikupa karatasi hiyo mwombe jibu la kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) na la vipokezi vya homoni, ambavyo ndivyo vitakavyoamua tiba ya shangazi. Hatakuwa nalo.