Maswali na majibu: Mboga hiyo imemwagiliwa maji gani?

Maswali yaliyonifikia mwezi huu karibu yote ni ya mboga za majani. Nimechagua machache yanayobeba na mengine.

Je, kuloweka mboga kwenye maji ya chumvi au siki kunaua vijidudu? (Wasomaji wengi: Dar es Salaam, Morogoro, Mombasa)

Hili nimeshalijibu na bado linarudi. Hapana. Chumvi humtoa kiwavi mafichoni, basi. Siki hupunguza bakteria kiasi, ila vijiko viwili vya siki kwenye beseni zima la maji havifanyi hata hilo. Mayai ya minyoo hayashtuki kwa chumvi, kwa siki wala kwa klorini. Kinachomaliza kazi ni moto.

Kabla ya moto, kata mizizi, fungua fungu, kisha osha jani mojamoja chini ya maji safi yanayotiririka. Pitisha kidole pale jani linapoungana na shina, huko ndiko udongo unakojificha. Kama huna bomba, badilisha maji ya beseni mpaka chini kusibaki mchanga. Na osha kwanza, ukate baadaye. Wengi hufanya kinyume, virutubisho vikaondoka na maji na uchafu ukaingia palipokatwa.

Lakini anayeanza kuuliza akiwa jikoni ameanzia mwisho. Swali la kwanza ni maji yaliyomwagilia mboga hiyo, na hilo halimo kwenye barua hata moja kati ya zote za chumvi na siki.

Nanunua mchicha wa Bonde la Msimbazi kwa sababu uko karibu na bei nafuu. Nauchemsha sana. Bado una madhara? (Tabata, Dar es Salaam)

Unachanganya vitu viwili. Vijidudu vya kinyesi vinakufa kwa moto, kwa hiyo ukiupika vizuri hapo uko salama. Madini mazito yenye sumu, kama risasi (lead), ni jambo jingine. Risasi haiungui, haivukizi wala haichoki. Hata ukiuchemsha mchicha mpaka ukawa uji, risasi iliyopanda kupitia mizizi unaila.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Mpaka unafika baharini pale Salender, umeshapita viwanda, gereji, eneo la machinjio ya Vingunguti, mabwawa ya majitaka, na mitaro ambamo watu hutapisha vyoo mvua ikinyesha. Watafiti wamepima maji, udongo na mboga za bonde hili kwa nyakati tofauti wakakuta madini mazito, risasi ikiwemo. Mboga za majani hukusanya madini hayo kuliko mboga za tunda kama nyanya au bamia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwenye ubongo unaokua. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua kwenye udongo wa kando ya barabara haiozi. Sehemu yake inakuja kama vumbi juu ya jani, na hiyo kuosha kunaitoa. Iliyo ndani ya jani haitoki.

Kwa hiyo ushauri wangu: kama una mtoto chini ya miaka sita, usimlishe mchicha wa bonde hilo kila siku. Badilisha wauzaji, badilisha aina ya mboga, uliza inakotoka.

Na nisieleweke vibaya. Mama anayeteremka bondeni alfajiri na ndoo mbili hakumwaga yeye rangi na tindikali mtoni. Analima pale kwa sababu ndipo penye maji. Kila hoja hii inapoibuka, wa kwanza kutajwa ni yeye na bustani yake ya kufyekwa, na bomba la kiwanda lililo juu yake linaendelea kumwaga. Huo ni uonevu, tena hauisafishi mboga hata moja, kwa sababu kesho maji yaleyale yatamwagilia shamba jingine chini zaidi.

Mboga yenye matundu ya wadudu si ndiyo isiyo na sumu? (Arusha)

Hapana. Tundu linakuambia mdudu alikula. Halikuambii mkulima alipuliza lini baada ya kuliona. Mchicha huvunwa ndani ya wiki tatu au nne, na anayepuliza leo akavuna kesho amekuuzia dawa pamoja na jani. Kila kiuatilifu, yaani dawa ya wadudu, kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Dawa nyingine hupenya ndani ya mmea, hizo hazioshwi. Wauzaji wa pembejeo wanaopima dawa kwenye chupa za soda zisizo na lebo wanawanyima wakulima hata nafasi ya kusoma, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inapaswa kuwafikia hao kwanza.

Mama mboga wetu hutukatia sukuma wiki kabisa, twafika nyumbani ni kupika tu. Kuna ubaya? (Nairobi)

Upo. Kisu kile kimekata mafungu ya wateja wote tangu asubuhi, na huwa kinafutwa kwa kitambaa kilekile. Jani lililokatwa hutoa maji yake, na maji hayo ni chakula cha bakteria, hasa mboga ikifungwa kwenye mfuko na kukaa juani saa nzima. Tena sukuma iliyokatwa nyembamba huwezi tena kuiosha jani kwa jani. Nunua majani mazima. Kama muda ni shida kweli, mpelekee kisu na ubao wako, majani yaoshwe kwanza, na ukifika uyapike papo hapo. Nairobi pia kuna mashamba yanayomwagiliwa majitaka, mengine yakichukuliwa moja kwa moja kwenye bomba la majitaka lililotobolewa, kwa hiyo swali langu la maji linakuhusu na wewe.

Shemeji yangu hajala nguruwe maisha yake yote. Hospitali wamesema kifafa chake kinatokana na tegu wa nguruwe kichwani. Inawezekanaje? (Manyara)

Inawezekana kabisa, na naomba wanaomnyooshea kidole waache. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata tegu mkubwa tumboni. Mtu huyo akijisaidia anatoa mayai. Mayai yakifika mdomoni mwa yeyote, kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga mbichi iliyoguswa na kinyesi, huanguliwa mabuu yanayosafiri kwa damu na kujikita kwenye misuli na ubongo. Shemeji yako hakuhitaji kumwona nguruwe hata kwa mbali. Utafiti uliofanyika Haydom, wilayani Mbulu, umeonyesha ugonjwa huu kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa waliopigwa picha za ubongo.

Mawili ambayo hukuuliza. Kwanza, mara nyingi mwenye tegu tumboni ni mtu wa karibu, kwa hiyo wote wanaoishi na kupika naye wakapime choo. Pili, asipewe dawa ya tegu ya kununua dukani. Mtu mwenye mabuu kwenye ubongo akimeza dawa hiyo bila daktari anaweza kuangukia degedege kali. Na dawa zake za kifafa asiziache.

Kipindupindu kikitangazwa, naweza kuendelea kula kachumbari kwenye chipsi? (Mwanza)

Acha. Hata hiyo kabichi ya juu.

Mbona Ulaya na Marekani wanakula majani mabichi kila siku na hawaumwi? (Zanzibar)

Nani kakwambia hawaumwi? Mwaka 2006 spinachi ya kwenye mifuko kutoka California iliwafanya waugue watu wapatao 200 katika majimbo 26 ya Marekani, watatu wakafa. Bakteria aliyewaangusha, aitwaye E. coli, alipatikana kwenye kinyesi cha ng'ombe na cha nguruwe pori jirani na shamba. Mwaka 2018 saladi ya eneo la Yuma, Arizona, iliwafanya waugue watu 210 na kuua watano, na bakteria huyo akakutwa kwenye maji ya mfereji wa umwagiliaji. Ujerumani 2011 ilikuwa mbaya zaidi: zaidi ya watu 3,800 waliugua na zaidi ya 50 walikufa kwa machipukizi ya uwatu, baada ya matango ya Hispania kulaumiwa kwanza bila kosa, wakulima wake wakapata hasara kubwa.

Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walifuatilia mpaka shambani. Hapa fungu la mchicha likishafika soko la Mabibo au la Buguruni limechanganywa na la mashamba mengine, na mtu akiharisha hakuna anayeweza kurudi nyuma. Kwa hiyo usidhani ukimya wetu ni usalama.

Samadi ya kuku mbichi naruhusiwa kuweka kwenye mchicha? (Kibaha)

Usiweke. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno ya zao linalogusa udongo, na mchicha wako hauna hata robo ya siku hizo. Ioze kwanza: lundo lenye majani makavu, lipate joto la nyuzi 55 na zaidi katikati, ulipindue mara kadhaa ili ya nje iingie ndani. Chomeka fimbo katikati, iache dakika kumi, ichomoe uishike. Kama haichomi kiganja, lundo lako halijafika. Na maji mwaga kwenye shina, si juu ya majani, kisha acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna kama maji yako si ya uhakika. Jua na ukavu hupunguza bakteria kwenye jani.

Friji inaua bakteria?

Hapana, inawachelewesha tu.

Wapi naweza kupimisha mboga ninazonunua? (Temeke)

Maabara zipo, ya Mkemia Mkuu wa Serikali na ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Lakini kupima fungu moja kutakula pesa zako bure, la kesho litatoka shamba jingine. Kinachofaa kupimwa ni maji na udongo wa eneo, mara kwa mara, na majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa pale wauzaji na wanunuzi wanapoyaona. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, simama uulize bwana afya mara ya mwisho maji ya bustani za mtaa wenu yalipimwa lini. Akijibu, niandikieni tarehe aliyoitaja.