Shangazi, nawafuata wenzangu kilabuni niwaokoe

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni seremala, naishi Moshi, nina miaka 41. Miezi saba sasa sijagusa pombe. Kila jioni naenda kilabu chetu cha zamani, nakaa na soda yangu, nawabembeleza marafiki wawili waache. Mke wangu anasema najidanganya, eti nyumbani kuna kabati sijamaliza tangu Pasaka. Mimi naona Mungu amenibakiza kwa kazi hii. Nani mkweli?*

Marahaba mwanangu, na hongera. Nianze na mkeo: kuhusu kilabu, kakushinda. Kata ya mbege ikizunguka mbele ya pua yako kila jioni, soda itakulinda mpaka lini? Miezi saba ni mtoto anayetambaa, hachezeshwi karibu na jiko.

Ila hamu hiyo usiizime. Bill Wilson, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous mwaka 1935, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, alianza kama wewe. Miezi mizima aliwahubiria walevi, wala hakuna hata mmoja aliyeacha pombe. Mkewe Lois ndiye aliyemfumbua macho: yupo mmoja ambaye hajanywa muda wote huo, naye ni Bill mwenyewe. (Wake zenu huona mengi.) Baadaye, akiwa hotelini mjini Akron, kelele za baa zikamvuta. Badala ya kuingia akashika simu, akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo wahamishie karakana kwako, asubuhi, kabla hawajaonja. Mpe mmoja msasa asugue ubao, nawe umsimulie yako, hasa yale ya aibu. Mahubiri kashayasikia kwa mama yake.

Jambo moja nakusihi sana: anayekunywa kila siku kwa miaka usimwambie aache ghafla. Kaka yangu, marehemu, aliacha Jumatatu. Jumanne alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, bado chai ikamwagikia shuka. Jumatano usiku akaanguka kama mwenye kifafa, nasi tukahangaika kutafuta nani kamroga, wakati ilikuwa ni mwili unaodai pombe, na hali hiyo huua. Msindikize rafiki yako hospitali kwanza, amtajie daktari kiasi anachokunywa bila kupunguza hata kata moja. Kuna dawa za kumvusha siku hizo za mwanzo.

Na leo saa ya kilabu ikifika, washa taa ya karakana umalizie lile kabati.