Rotax 503 imelala stoo miaka: tuvute kamba?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mie na ami yangu hapa Wete tunaunda kindege cha mtu mmoja, tumepata mashine ya Rotax 503 imelala stoo miaka mingi. Fundi wa boti kaizungusha kwa mkono kasema kompresheni (ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ipo, tutie petroli na oili ya boti tuvute kamba. Tumsikilize? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waaleikum salaam, na ami msalimie sana, nimefurahi mno kuskia Pemba watu wanaunda ndege. Lakini kamba msiivute kwanza. Fundi wenu hajasema uongo, ila kompresheni aloiskia ni ya juu, ya pistoni na ringi, na tustroki, yaani mashine kama hii inayochoma oili pamoja na petroli, roho yake iko chini.

Lile kasha la chini lenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ndo pampu yenyewe, pistoni ikipanda inavuta hewa, petroli na oili kutoka kabureta, ikishuka inausukuma mchanganyiko wote juu silinda. Sasa huku na huku mwisho wa krenki kuna sili za mpira, na mpira ukikaa miaka unakuwa mgumu kama kifuu, hapo hewa inapenya pembeni, petroli inakuwa kidogo na oili inakuja na hiyo hiyo petroli kwa hivo nayo inapungua, joto linazidi, pistoni inavimba inang'ata silinda na mashine imezima. Kwenye boti utatia nanga ungoje wenzio waje wakuvute, huko juu hakuna pa kutia nanga.

Halafu kuna hii hewa yetu ya chumvi. Toeni silinda zote mbili, mulikeni chini kwa tochi, zungusheni krenki polepole. Ikikwaruza, au mkiona madoa ya kutu kwenye beringi, msije mkaosha kwa dizeli mkarudishia, beringi zinataka kubadilishwa na krenki yenyewe imeunganishwa kwa presi, kuifungua na kuinyoosha ni kazi ya mtu mwenye presi na geji, nyundo isiisogelee.

Sili badilisheni hata zikionekana nzima, hapo mie sina mjadala. Mkishafunga zibeni njia ya kabureta na ya ekzosi, tieni upepo kidogo tu kwa pampu ya mkono, pakeni maji ya sabuni, povu likitoka popote bado hamjamaliza. Mkanda wa feni wa zamani utupwe, maana 503 inapozwa kwa upepo wa feni hiyo.

Oili ya boti hapana. Ile ilioandikwa TC-W3 ni ya mashine zinazopozwa kwa maji, hii yenu inachemka zaidi, tafuteni ya tustroki yenye alama ya API TC, lita 1 kwa lita 50 za petroli. Na geji za joto lazima ziwepo: silinda isipite 250°C, ekzosi 650°C.

Rotax wenyewe kwenye kitabu chao wanaonya kuwa mashine hizi zinaweza kuzima ghafla, kwa hivo hata ikiwa nzima msikate bahari nayo, rukeni penye uwanja wa kutua karibu. Na kabla ya kuruka muwaone Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, anga ni jambo la Muungano, ndege ya Wete nayo inaandikishwa huko.

Mkishatoa silinda nitumieni picha za krenki nizitazame kabla hamjanunua kitu.